Imeripotiwa na

Lori la shaba lilipanda mzani pale Kurasini
saa tano na dakika kumi na mbili usiku,
skrini ikasema tani kumi na sita.
Limejaa shaba. Tani kumi na sita.
Utingo akacheka. Meneja hakucheka,
na Sefania Ndimbo, karani wa zamu,
akaambiwa arudishe kitambulisho aende nyumbani.

Kiendeshi cha mzani ule nilikiandika mimi.

Mistari mia sita na kitu, chini kabisa, ndani ya kiini,
huko ambako kosa haliagi,
linaiangusha mashine nzima au linadanganya kwa adabu.
Nikawajibu kwa simu: msimbo wangu mzima,
mtazameni mtu.
Nilisema hivyo. Naliandika hapa nisije nikalikana.

Siku ya nne akaja Chang'ombe, ofisini kwetu,
na kauntabuku ya gamba jekundu.
Hakulalamika. Alifungua.
Kila uzito wa ajabu tangu Machi, kwa kalamu ya bluu,
saa, dakika, namba ya gari,
na pembeni kwa penseli:
"upande wa kutoka nako palikuwa na gari."
Mara kumi na saba.
Zote kumi na saba.

Masikio yakanipata moto.

Bafa ni ndoo moja, nami nimeielekezea mabomba mawili.
La kuingilia linauliza: ndoo tupu? Tupu.
La kutokea linauliza: ndoo tupu? Tupu.
Baina ya swali na tendo kuna upenyo
mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
na humo, mara moja katika maelfu,
shaba ya Lubumbashi huvaa uzito wa gari tupu
na mtu wa Mbagala hupoteza kazi.

Nikaanza kumwinda mdudu.
Nikiweka mstari wa kuchapisha, nione anapita wapi,
hatokei. Nikiutoa, huyo.
Nikamtegea subira ya milisekunde kumi:
akapotea siku kumi na moja,
nikajinunulia chipsi mayai, na mishikaki juu.
Siku ya kumi na mbili akarudi, hana hata haya.

Basi nikatia kufuli.

Mashine ikaganda. Feni inazunguka, kishale hakichezi.
Nilikuwa ndani, kufuli mkononi, kengele ya mzani ikalia,
nikaacha kazi niitikie,
na kuitikia kwenyewe kunadai kufuli lile lile.
Namngoja nani? Mimi.
Afungue nani? Mimi, ninayengoja.
Wahenga walikataza mafahali wawili zizi moja;
juu ya fahali mmoja aliyejizibia mlango
hawakuacha neno.

Saa kumi kasoro, umeme umekatika na kurudi,
Rehani kalala juu ya maboksi ya modemu,
nikaliona lilivyo jepesi:
zima kengele kwanza, ndipo ufunge.
Fanya upesi. Ukishika kufuli huku chini, kulala ni haramu.
Fungua, ndipo kengele iwake.

Mistari miwili ilibadilika. Miwili!
Nikaujaribu mzani wa bandia mara milioni nne,
magari ya uongo yakivamiana pande zote mbili,
wala hakuna lori lililovaa nguo ya mwenzake.

Kiraka kina desturi yake: chini ya maelezo
hutajwa aliyeliona kosa kwanza.
Nikaandika:
Imeripotiwa na: Sefania Ndimbo, karani, Kurasini.
Nikaongeza mstari ambao desturi haina:
Aliyeambiwa akabisha: mimi.

Nikampigia. Alikuwa macho.
Hakuuliza habari za kufuli wala kengele,
aliuliza kitambulisho akifuate saa ngapi.
Meneja hufika saa mbili, nikamwambia,
na mimi nitakuwa getini, nina la kumweleza.
Akakaa kimya kidogo.
"Sawa," akasema, "ila tangulia wewe.
Tusije tukapanda pamoja."